Papa, Faustin Hakuiba Esanse

Papa yangu,

Sikuandikii leo kukusalimia. Salamu nilikupa za kutosha siku tulipokulaza kule makaburini, nikapiga magoti, nikalia mpaka Mama akaja kuniinua. Leo nakuandikia nikiwa nimekasirika, na ninataka lupango lote, ua mzima, lisikie, na majirani wote walio nyuma ya ukuta wasikie. Ulipomwita mwanao Faustin mwizi hukumwita chumbani ukafunga mlango. Ulimwita uani, mchana, watu wakitoka misa na vitabu vyao vya nyimbo mkononi. Kwa hiyo na mimi sitakunong'oneza.

Najua nitaambiwa sina adabu. Waseme tu. Adabu niliyokuwa nayo ulikwenda nayo wewe.

Unakumbuka gari lilivyofika? Lilivuka ziwa kutoka Kigoma, usukani wake upande wa kulia, viti bado vimefunikwa nailoni. Ulikuwa umeacha malori mwaka uleule. Maisha yako yote ulikuwa mtu wa mazutu na malori ya dizeli, njia za Kabalo, Kongolo, Nyunzu, magunia ya mahindi nyuma na vumbi puani, na sasa ulikuwa na gari dogo la esanse, petroli kama wanavyoiita Kigoma, lako mwenyewe. Ulianza kupiga honi ukiwa kwenye daraja la mto Lukuga. Mama alikataa kuingia mpaka padri alinyunyizie maji ya baraka, nawe ukamfuata padri siku ileile, ukamleta kwa gari lilelile alilotakiwa kulibariki. Tulicheka sana. Kaka yangu Faustin na mimi tuligombania dirisha la mbele, ukatuambia tukae wote wawili nyuma kama abiria wengine.

Nalikumbuka pia lile jambo lako la kutikisa. Hakuna mtoto wa Kalemie asiyejua kutikisa gari, lakini wewe ulilifanya kama sala. Kabla ya kwenda Moba kuwaona bibi na babu, tulipita kituo cha esanse kwanza. Kijana wa pampu alijaza mpaka mpini ukajizima wenyewe, tak. Akasema imejaa, Papa. Ukamwambia aongeze. Ukajizima tena. Hapo ulimnyang'anya mpini, ukatugeukia: "Watoto, tikiseni!" Faustin na mimi tukapanda juu ya bampa ya nyuma, tukaruka, gari likayumba, hewa ikatoka tumboni mwa tangi ikigugumia, nawe ukaongeza kidogo, ukasubiri, ukaongeza tena, mpaka ukaiona esanse inameta mdomoni. Hapo ndipo uliporidhika. Ulisema lori lako ulilijaza hivyo miaka yote na halikulalamika hata siku moja. Siku zile nilikupenda mno, Papa, na harufu ya esanse kwangu ilikuwa harufu ya kwenda Moba.

Na sababu naijua. Ni ile safari ya Nyunzu ya enzi za lori, Mama ana homa kali amelala nyuma ya kiti chako, na tangi likakauka katikati ya pori ambako hata chupa moja ya mazutu haiuzwi. Ulituacha na Mama, ukatembea. Uliporudi ulikuwa na bidoni ya mafuta kichwani na macho mekundu, ukamimina ukaendesha moja kwa moja mpaka hospitali. Tangu siku ile uliapa tangi lako halitakuwa na nafasi ya kijiko. Hilo nalielewa. Sikunyang'anyi hilo, wala sikasiriki kwa hilo.

Nakasirika kwa yaliyofuata.

Gari lilianza kunuka. Kwanza baada ya kujaza tu, halafu kila siku, halafu likawa linanuka hata limelala chini ya kivuli. Ukitoka kujaza tangi, liligoma kuwaka, likakohoa, likawaka kwa shida likitetemeka. Taa ya injini ikawaka njano na haikuzima. Na mshale wa mafuta ukaanza kushuka haraka kuliko ulivyozoea. Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi na nimepata kazi kwenye gareji ya mtaa wa Kisebwe, mikono yangu imeshaanza kuwa myeusi kama yako. Nilikuomba uniachie gari siku moja tu nilitazame. Ulicheka, ukaniambia nitengeneze ya watu wengine, hili wewe unalijua. Nikakuuliza kuhusu taa. Ulikwenda kwenye droo, ukachukua utepe mweusi wa gundi wa mafundi umeme, ukakata kipande, ukabandika juu ya taa. Ukasema sasa imepona. Mama alicheka, na mimi pia nilicheka, maana ulikuwa unachekesha ukitaka.

Faustin hakucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa analiendesha. Ulikuwa umempa gari abebe wafanyabiashara na mizigo yao njia ya Nyunzu. Alikuwa akirudi jioni kichwa kinamuuma, anakunywa maji jagi zima, analala bila kula. Alikuambia gari linanuka. Ulimjibu kwamba gari la esanse linanuka esanse, alitaka linuke nini.

Halafu ikaja Jumapili ile. Faustin alikuwa amerudi jana yake kutoka Nyunzu. Ulitoka misa, ukaenda moja kwa moja kwenye gari, ukafungua mlango, ukatazama mshale. Ukahesabu kichwani safari na mafuta, kama ulivyohesabu kwa lori. Ukamwita. Alikuja na kandambili miguuni, bado anatafuna, kwa sababu Mama alikuwa ameshampa ugali na samaki wa mikebuka. Ulimshika kola mbele ya watu wote, ukamvuta, ukamnusa shati. Ukageukia watu: "Munamuona? Mutoto wangu mwenyewe njo muizi. Anavuta esanse na mupira, anaenda kuuzisha mu chupa."

Nilisimama mlangoni. Nilisikia kila neno. Faustin hakupandisha sauti. Alisema hivi, na watu waliokuwepo ni mashahidi: "Papa, ni gari njo inanuka. Ingia ndani, ufunge vioo, unuse mwenyewe."

Hukuingia.

Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa umeshika mlango kwa mkono mmoja na kola ya mwanao kwa mkono mwingine. Ungeketi tu, Papa, ungeketi kidogo kwenye kiti chako mwenyewe, ungevuta hewa, ungejua. Mimi nilisema kwa sauti, Papa, ingia. Ulinikazia macho ukaniambia mtoto mwanamke hajui gari, nirudi jikoni. Mimi, niliyekuwa na spana imefungwa kwenye pindo la kanga.

Faustin aliweka ufunguo wa gari juu ya meza, akafunga nguo zake kwenye begi la shule la zamani, akapanda pikipiki ya mtu aliyekuwa anakwenda Manono. Mama alimkimbilia mpaka barabarani na ugali aliokuwa hajaumaliza, umefungwa kwenye jani. Hukutoka kumwangalia. Ulikuwa unaosha gari.

Halafu ukaugua. Nilikuogesha, nilikulisha, sikukukumbusha chochote, maana mgonjwa haulizwi. Mama alikuomba amwite Faustin aje. Tulikuwa watatu kando ya kitanda chako, Mama, baba mdogo na mimi. Ulisema polepole, lakini ulisema wazi: "Siku mutanizika, Faustin asitupe udongo." Mama akakuomba urudishe neno. Ukageukia ukutani. Sijui ulikuwa unafikiri nini huko ukutani, na nimechoka kukuwazia mawazo mazuri.

Hukuona yaliyotokea makaburini, kwa hiyo nitakuambia. Faustin alikuja. Alitoka Manono kwa pikipiki, vumbi limemkaa mpaka kwenye kope. Alifika wakati watu wameshaanza kutupa udongo. Aliinama akachota wake, akasogea. Baba mdogo akamzuia kifuani, akamwambia marehemu amekataza. Faustin hakubishana, ila ngumi hakuifungua. Baba mdogo aliifungua yeye, kidole kimoja kimoja, mbele ya padri, na udongo ukaanguka juu ya viatu vya kaka yangu. Alirudi Manono siku ileile. Hakula chakula cha matanga. Na watu wakasema, unaona, angekuwa hakuiba angebaki.

Sasa nisikilize vizuri, maana nakuja kwenye gari.

Familia ilikaa, ikasema gari nipewe mimi kwa sababu mimi ni fundi. Nililipeleka Kisebwe. Kitu cha kwanza nilibandua ile gundi yako nyeusi. Taa ilikuwa inawaka chini yake siku zote hizo. Niliunganisha mashine ya kusoma makosa, ikaniambia hitilafu iko kwenye njia ya mvuke wa esanse.

Wewe huijui njia hiyo, kwa sababu lori la mazutu halina. Esanse haikai kimya kama mazutu. Joto likiipata tu inatoa mvuke, na mvuke ule ndio unaonuka na ndio unaoshika moto. Kwa hiyo kwenye gari la esanse kuna mpira unaotoka juu ya tangi kwenda kwenye kopo lililojaa punje za makaa. Makaa yanaunasa mvuke, yanautunza. Gari likitembea, vali ndogo ya umeme inafunguka, injini inauvuta mvuke ule na kuuchoma pamoja na esanse nyingine. Hakuna kinachopotea, hakuna kinachonuka. Ni kazi safi, Papa, ungeipenda kama ungekubali kufundishwa na mimi.

Sikukimbilia kukulaumu. Nilianza na kifuniko cha tangi, labda mpira wake umekauka. Ulikuwa mzima. Nikaziba njia upande mmoja, nikatia hewa taratibu kwa pampu ya baiskeli, nikapaka maji ya sabuni kwenye mipira yote na maungio yake, nikitafuta povu. Hakuna povu. Mipira ilikuwa mizima. Nikachomoa ile vali. Bila umeme inatakiwa ibane, hata upulize vipi hewa isipite. Nilipuliza, hewa ikapita kama kwenye bomba tupu. Ndiyo maana gari lilikuwa linakohoa baada ya kujaza, injini ilikuwa inavuta mvuke muda wote, hata usipotakiwa. Nikaigonga vali kwenye kiganja changu. Zikatoka punje nyeusi, kama majani ya chai. Makaa, Papa. Makaa yalikuwa yamevunjika yakasafiri mpaka huku mbele na kuizuia isifunge.

Makaa hayavunjiki hivihivi. Nikaingia chini ya gari upande wa nyuma, nikafungua kopo. Linatakiwa liwe jepesi, unalishika kwa mkono mmoja. Hili lilikuwa zito, nililipokea kwa mikono miwili. Nilitoka nalo nje kwenye hewa, mbali na kila kitu, nikaligeuza juu ya karai. Ikamwagika esanse. Si mvuke. Esanse yenyewe, nyekundu, na makaa yaliyogeuka tope.

Unajua iliingiaje humo? Mpini wa pampu ulipojizima, ile tak, tangi lilikuwa linakuambia nafasi iliyobaki ni ya mvuke. Wewe ukasema tikiseni. Kila tulipotikisa, esanse ilipanda kwenye mpira wa mvuke ikaenda kwenye kopo, ikayalowesha makaa. Yakishalowa hayanasi tena chochote. Na Faustin alipolichukua gari limejaa mpaka shingoni, akaingia nalo kwenye mashimo ya njia ya Nyunzu, kila shimo lilisukuma esanse nyingine kwenye kopo, na kopo likaitoa nje kwa tundu lake la hewa, ikidondoka barabarani, na mvuke ukimrudia yeye ndani. Ndiyo maana mshale ulishuka. Ndiyo maana kichwa kilimuuma. Ndiyo maana shati lake lilinuka.

Mwizi wako alikuwa amesimama kwenye pampu, ameshika mpini.

Nilikutukana, Papa. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine. Nilikutukana kwa sauti, katikati ya gareji, na wenzangu waliacha kazi wakaniangalia. Sijutii.

Lakini sikutaka mtu aseme ni hasira ya msichana. Nilitafuta kopo zima na vali kwenye gari lililokufa la aina ileile, nikafunga. Nikaenda kituoni, nikajaza, mpini ukajizima, nikasema basi, inatosha. Nilivaa shati safi, nikaenda Nyunzu na kurudi kwa njia ileile, vioo vimefungwa, na joto lile unalijua. Nilipofika nyumbani nilivua shati, nikalinusa kola. Lilinuka jasho langu. Mshale ulikuwa umeshuka kama unavyotakiwa kushuka.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu zako wote wakiwa wamekaa, nililileta lile kopo la zamani nikaliweka mezani katikati ya sahani. Nikaeleza kama nilivyokueleza wewe. Baba mdogo aliwahi kuwa utingo wako, anajua magari. Alilinusa, akarudisha kichwa nyuma. Aliuliza maswali mawili ya maana, nikamjibu. Nikaona usoni mwake kwamba ameelewa. Kisha akasafisha koo akasema: "Nimeelewa. Lakini marehemu hasemwi, na neno lake linabaki. Mwenyewe tu njo angeweza kuliondoa." Wengine wakatikisa kichwa kukubali, wakaanza kula. Wakala wali wangu, Papa, niliopika mimi. Mama peke yake hakula. Alilichukua lile kopo kutoka mezani, akakaa nalo mapajani, akilifuta kwa kitenge chake.

Nilimpigia Faustin kesho yake. Anabeba watu kwa pikipiki huko Manono, nilimsikia amesimama mahali penye kelele. Nilimweleza kila kitu, kifuniko, vali, makaa, kopo. Hakunikatiza. Halafu akauliza kama Mama amesikia. Nikamwambia amesikia. Baba mdogo? Amesikia. Na wale majirani waliokuwepo? Nikamwambia nitahakikisha wanasikia.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwake tangu tukiwa watoto: "Na Papa, anajua?"

Mimi, unavyonijua, sikosi maneno. Nilikosa. Nilibaki na simu sikioni, nikasikia mteja anamwita, akaniambia nimsalimie Mama, akakata.

Siku zote hizo nilifikiri anachotaka ni watu wajue. Nilifikiri nikilitatua jambo la gari hili, nikisema mbele ya wote, atapanda pikipiki arudi. Kumbe watu si kitu kwake. Anakutaka wewe. Ulimnusa kama mbwa mbele ya mtaa mzima, ukamnyima udongo, na bado mtu anayemtafuta ni wewe. Hilo linaniudhi kuliko yote, na linaniudhi kwa sababu na mimi niko hivyohivyo. Nimeandika kurasa zote hizi nikikugombeza, na nikisikia honi upande wa Lukuga bado nageuka.

Baba mdogo amesema mwenyewe tu ndiye angeweza kuliondoa neno. Vizuri. Basi mwenyewe lazima aambiwe. Kesho baada ya misa ninakuja huko ulipo, na Mama, na baba mdogo awe anataka au hataki, na wale majirani waliokusikia Jumapili ile. Nitaisoma barua hii kwa sauti, yote, sitaruka mstari kwa heshima ya mtu. Kama una la kunijibu, nijibu. Kama huna, nitajua umeelewa, maana ulipokuwa hai hukuwahi kuninyamazia nilipokosea.

Nikimaliza kusoma nitampigia Faustin nikiwa palepale, simu nikiiweka juu ya udongo wako. Swali lake nina jibu lake sasa. Nitamwambia: Papa anajua.

Lala nalo hilo.

Binti yako,
dada yake Faustin